Kunde majani tele, maganda hakuna? Anza kwa kuangalia ukingo wa tuta

Msimu wangu wa kwanza wa kulima nyuma ya nyumba, huku Kisauni, Mombasa, nilimwaga mbegu za kunde kwenye tuta kama mtu anayelisha kuku. Zikaota zote. Kila asubuhi kabla ya chai nilikuwa nikienda kuzitazama, na ulipofika wakati wa kuzipunguza nikashindwa. Kila mche ulikuwa mzima, mbichi, haujanikosea kitu. Nikaiacha yote. Baada ya wiki saba nilikuwa na kichaka kilichonifika magotini, na maganda ya kuhesabika kwa vidole.

Bibi wa nyumba ya pili alipita akasimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Haya, hizi ni kunde ama ni nyasi za mbuzi?"

Akainama, akafunua majani ya pembeni. Yale mashina yaliyopakana na njia yalikuwa yamebeba maganda manane, mengine kumi. Ya katikati yalikuwa na ganda moja moja, au hayana kabisa. Tuta moja, mbegu moja, maji yale yale.

Tangu siku hiyo, tuta likiniletea shida naanzia ukingoni. Mmea wa ukingoni una jirani upande mmoja tu. Upande wa pili una jua, hewa na udongo usiogombaniwa. Basi linganisha. Ukingo ukiwa mzuri na katikati mbaya, mimea imesongamana. Ukingo na katikati vikiwa vibaya sawasawa, usiisingizie nafasi: tafuta kwenye maji, udongo, wadudu au joto. Na ukingo ukiwa mbaya kuliko katikati, kuna kitu kinachoingia kutoka nje: kuku, mizizi ya mwembe wa jirani, au jua linalokausha pembe za tuta lililoinuliwa juu mno.

Nafasi yenyewe, kwa kipimo cha mkono

Rula huwa haionekani ukiwa na matope mikononi. Wazee walipima kwa wanda (upana wa kidole), morita (ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha shahada), shibiri (kidole gumba hadi kidole cha mwisho) na dhiraa (kiwiko hadi ncha za vidole). Mikono haifanani, kwa hiyo pima wako mara moja tu ujue. Kwangu morita ni sentimita 15, shibiri ni 21, na dhiraa ni kama 46.

Kunde za kusimama hutaka shibiri moja kutoka shina hadi shina, na sentimita 60 kati ya mistari, yaani dhiraa na morita. Zinazotambaa zipe shibiri na nusu, na sentimita 75 kati ya mistari. Pojo hutosheka na morita moja, mistari dhiraa moja. Maharagwe mafupi nayo ni sentimita 10 hadi 15, mistari dhiraa moja au kuzidi kidogo. Mbaazi ndizo zinazowadanganya watu, kwa sababu mche wake ni mwembamba kama njiti ya kiberiti na hauonyeshi utakavyokuwa. Mbaazi za muda mfupi zinakubali sentimita 30 kwa 75, lakini zile ndefu za kienyeji, zinazokaa miezi mingi na kugeuka mti, zipe mita nzima au zaidi. Mbegu zote hizi zinafukiwa wanda mbili hivi kwenda chini.

Kabla ya kupima, jiulize unataka kula nini. Kunde za majani zinakubali kubanana, kwa kuwa utazing'oa kwa mboga zikiwa na wiki tatu au nne. Kunde za maganda hazikubali. Wengi wetu tunataka vyote viwili, na hapo ndipo shida inapoanza: tunapanda kwa nafasi ya mboga halafu tunangoja maganda. Aina kama K80 na M66 zinatoa majani na mbegu pia, lakini hata hizo hazizai vizuri zikiwa zimekabana koo.

Miche ni mirefu, myembamba, inalala

Angalia inaelekea wapi. Ikiwa yote imeinama upande mmoja, inafuata mwanga: ukuta, mnazi au paa la banda linaikinga na jua. Kupunguza hakutasaidia sana hapo, na ni afadhali msimu ujao uhamishe tuta. Ikiwa imenyooka juu moja kwa moja, mashina yamepauka na majani yako kileleni tu, inashindana yenyewe kwa yenyewe. Hiyo ndiyo ya kupunguza, na leo kuliko kesho.

Wakati mzuri ni pale jani la kwanza lenye vipande vitatu linapofunguka. Kwa joto la Mombasa kunde hufika hapo siku kumi hadi kumi na nne baada ya kupanda. Mwagilia kwanza, kisha fanya kazi jioni, ili miche inayobaki isikutane na jua la saa sita ikiwa imetikiswa. Usiangalie mche wa kuondoa, angalia wa kubakiza: shina fupi nene, majani yasiyo na matundu, uliosimama karibu na pale shibiri yako inapoangukia. Ukishauchagua, majirani zake wote wanaondoka. Mtu anayetafuta mche mbaya wa kung'oa hatafuti kitu kingine ila sababu ya kuuacha. Najua, nilikuwa yeye.

Kung'oa au kukata? Zikiwa na siku chache na udongo ni kichanga, ng'oa. Zikifika wiki mbili mizizi imeshashikana, na ukivuta mmoja unamtikisa na mwenzake. Chukua mkasi. Ila angalia unapokata. Kunde, pojo na maharagwe huinua yale mabapa mawili ya mbegu juu ya udongo, na kwenye makwapa yake kuna macho yanayoweza kuchipua. Ukikata juu ya mabapa hayo utarudi baada ya wiki ukute mche umefufuka. Kata chini yake, karibu kabisa na udongo. Mbaazi ziko kinyume: mbegu yake hubaki chini ya udongo, na hata ukiikata usawa wa ardhi inaweza kuchipua tena. Mbaazi za ziada zing'oe mapema na mizizi yake.

Kwa kunde, hasara haipo. Miche uliyopunguza ni mboga laini kuliko utakayochuma baadaye. Ioshe, ikate, iingize kwenye tui zito na kitunguu, ile na ugali au wali. Mimi sasa hupanda mbegu mara mbili ya ninazohitaji kwa makusudi na kupunguza kwa awamu mbili, mara ya kwanza morita, mara ya pili shibiri. Huruma ile imekwisha tangu nianze kuionja.

Miche inaanguka au inatoweka

Hapa ukingo hausaidii sana. Piga magoti uangalie shina mahali linapotoka udongoni.

Likiwa limenyongeka, laini, limegeuka kahawia kama lililochemshwa, ni ukungu wa udongoni. Huu hupenda miche iliyobanana na udongo usiokauka, na masika ya Aprili na Mei huupa vyote viwili. Ondoa iliyoanguka pamoja na ile inayoigusa, punguza palipobaki, na umwagilie asubuhi badala ya magharibi hadi hali itulie.

Likiwa limekatwa kama kwa wembe na mche umelala kando yake, ni kiwavi mkata miche. Mchana amejificha. Fukua wanda mbili tatu kuzunguka shina na utamkuta amejikunja. Majani yakiwa yametafunwa na kuna utelezi unaometa, ni konokono, wale wakubwa wanaotoka mvua ikinyesha. Waokote usiku kwa tochi. Dawa nyingine zote nilizojaribu zilikuwa mzaha.

Shina likiwa limevimba na kupasuka kwa chini, na mche umekuwa manjano na kudumaa kabla ya kufa, lipasue kwa kucha. Ukikuta buu dogo jeupe, au kijigamba cha kahawia kama punje ya mchele mdogo, umempata inzi wa maharagwe. Huyu ndiye anayenifanya nisiharakishe kupunguza maharagwe. Ukishapunguza mapema hadi nafasi kamili, kila mche anaoua unaacha pengo. Palipo na inzi, bakiza miche mara moja na nusu ya unayotaka hadi wiki ya tatu, ng'oa inayougua uitoe nje ya bustani, kisha umalize kupunguza. Iliyobaki iinulie udongo kwenye shina kama wanda tatu, iote mizizi mipya juu ya jeraha. Mingi itapona.

Na ikiwa mbegu hazikuota kabisa na udongo umeparurwa, usiende mbali. Uliza kuku wa nani wamefunguliwa asubuhi.

Majani yanageuka manjano

Swali la kwanza ni majani yapi. Ya chini, yaliyo ndani ya kivuli, kwenye mimea ya katikati tu, ni msongamano: jani lisilopata jua huachwa na mmea wenyewe. Punguza, na usikimbilie mbolea.

Yakiwa ya chini lakini kwenye mimea yote, ukingoni na katikati, mmea una njaa ya naitrojeni. Ng'oa mmoja uangalie mizizi. Jamii hii yote hujitengenezea naitrojeni kwa vinundu vidogo kwenye mizizi. Kipasue kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu au waridi ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe, kijani, au hakuna vinundu, mwaga samadi iliyooza vizuri kando ya mistari.

Majani machanga ya juu yakiwa manjano na mishipa yake imebaki kijani, ni udongo. Sehemu kubwa ya Mombasa imekalia matumbawe, na udongo uliojaa chokaa yake huficha madini ya chuma hata kama yamo. Kifusi cha ujenzi kilichofukiwa uani hufanya vivyo hivyo, na nyumba zetu zimejengwa kwa mawe hayo hayo. Kupanua nafasi hakutakusaidia hapo. Inua tuta kwa mboji na samadi nyingi, au panda kwenye gunia.

Kingo za majani zikiwa zimeungua na kukauka kahawia, tuta zima, tia maji yako mdomoni kidogo. Visima vingi vya huku ni vya chumvi, na mifereji ikikauka ndivyo tunavyovikimbilia. Maharagwe ni miongoni mwa mazao yasiyovumilia chumvi kabisa. Kunde zinavumilia zaidi, na hiyo ni sababu mojawapo ya kunde kuwa mmea wa huku. Utaona dalili hii ikizidi wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, jua linapovuta maji na kuacha chumvi juu ya udongo, kisha inapungua masika yakiusafisha. Ukiwa huna maji mengine, mwagilia kwa wingi mara chache kuliko kidogo kidogo kila siku, usimwagie majani, na funika udongo kwa makuti yaliyooza au makumbi yaliyochambuliwa. Kwa kesi hii kupanda kwa nafasi kubwa mno kunadhuru: udongo ulio wazi hukauka haraka, na chumvi hupanda nao.

Majani tele, maganda hakuna

Hii ndiyo inayoleta watu mlangoni kwangu, na ina majibu matatu.

Kunde au pojo zikizaa ukingoni na katikati zikawa tasa, ni nafasi. Zikiwa tasa pote na majani ni mapana, ya kijani kibichi chenye weusi, umezilisha kupita kiasi. Mbolea ya kuku mbichi ndiyo mshitakiwa wa kwanza. Mmea ulioshiba naitrojeni hauoni sababu ya kuhangaika na mbegu. Acha mbolea, chuma majani ya mboga kwa kiasi, ngoja.

Maharagwe ndiyo kesi nyingine. Hutoa maua mazuri, kisha maua yanaanguka, asubuhi unayakuta chini. Jirani anakwambia umeyabananisha. Angalia ukingo: nao umepukutisha. Ni joto. Maharagwe ya kawaida ni mmea wa bara, wa nyanda za baridi kiasi. Mchana ukipita nyuzi 30 na usiku usiposhuka, chavua inaharibika na ua linaanguka. Mombasa mwezi wa Februari na Machi hupita hapo bila shida, na usiku wake hauna baridi ya kusema. Hata ukiyapanda mita moja moja hayatazaa. Kama moyo umeng'ang'ania maharagwe, yapande mwishoni mwa Mei au Juni ili yachanue Julai na Agosti, upepo wa kusi ukivuma na hewa ikiwa imepoa. La sivyo, kula maharagwe ya sokoni, ulime kunde.

Kuhusu sokoni: maharagwe ya Kongowea ni ya kupikwa. Mengi yametoka mbali na yamechanganyika, na ukiyapanda unaweza kupata mmea mfupi umekaa kando ya ule unaotambaa. Ukiona shina moja linapanda migongoni mwa wenzake, si nafasi uliyokosea, ni mbegu mbili tofauti. Lisimikie kijiti au ling'oe.

Mapengo kwenye mstari

Jazia ndani ya wiki moja tangu wenzake waote, na ujazie kwa mbegu. Miche ya jamii hii haipendi kuhamishwa. Mzizi mkuu ukikatika hukaa wiki nzima ukinuna. Wiki mbili zikipita, liache pengo. Mbegu itakayoota sasa itafunikwa na wakubwa zake, na majirani wa pengo watalijaza kwa matawi. Pengo moja kwenye tuta la kunde zinazotambaa halionekani tena ifikapo wiki ya sita.

Wadudu weusi kwenye ncha, au vumbi la kutu majanini

Vidukari weusi huanza kwenye mmea mmoja na hutembea haraka majani yanapogusana. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka shinani, fuata njia yao utawakuta. Kata ncha iliyojaa, nyunyizia maji ya sabuni jioni. Jani likiwa na mabaka ya manjano na kijani, limejikunja, huenda vidukari wameleta virusi. Huo mmea ng'oa, hauponi. Vumbi la rangi ya kutu chini ya majani ya maharagwe hupenda unyevu unaokaa. Mistari yenye nafasi hukauka mapema asubuhi, na hilo peke yake huchelewesha ugonjwa.

Kwenye magunia na ndoo

Wanaoishi ghorofani Tudor au Majengo hawana ukingo wa kuangalia, kwani ndoo nzima ni ukingo. Kinachobanana hapo ni mizizi, na majani hayatakuonyesha. Ishara ni hii: umemwagilia asubuhi, na ifikapo saa nane mchana mimea imelegea, huku udongo wa chini ukiwa tayari mkavu. Ndoo ya lita 20 haibebi zaidi ya mashina mawili au matatu ya kunde. Gunia la kilo 50 lipe manne juu, na usiwe mwepesi wa kutoboa pembeni kama kwa sukuma wiki. Kunde za kutambaa zitashuka zenyewe. Mbaazi ndefu usiipande kwenye ndoo, labda kama unapenda kuihurumia.

Umechelewa, na maua yameshatoka

Usitoe mkasi. Mizizi imeshikana, matawi yamefumana, na kila utakachovuta kitaondoka na maua ya mwenzake. Kwenye kunde, chuma majani makubwa ya katikati ya tuta, lakini usiguse ncha zenye maua na usichukue zaidi ya theluthi moja ya majani ya mmea. Mwanga ukiingia, baadhi ya yale mashina tasa hujaribu. Kwenye pojo na maharagwe hakuna cha kuchuma: mwagilia vizuri hadi maganda yajae, vuna ukingo, na mashina ya katikati yakate uyaache hapo hapo yaoze na mizizi yake. Bibi wa nyumba ya pili alinichumia kapu zima la majani siku ile, akaondoka nalo.